Hơmon, tendi za Wabahnar wa Vietnam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hơ-nini? Neno hili hutamkwaje?

Swali hili huja kabla ya mengine yote, kwa hiyo tulimalize. Ile "ơ" yenye kijimkia ni sauti ya mdomo uliolegea, kama mtu anayeguna kidogo kabla hajajibu. Kiswahili hakina herufi yake. Ukisema "hamon" utakuwa karibu. Kwenye vitabu utaikuta imeandikwa hơmon, h'mon, hơamon au hamon, kutegemea nani aliandika na alimsikiliza nani. Ni kitu kimoja: hadithi ndefu ya mashujaa inayosimuliwa kwa kuimbwa.

Wabahnar ni akina nani?

Ni wakulima wa nyanda za juu za kati za Vietnam, eneo ambalo Wavietnam wenyewe huliita Tây Nguyên. Kwa Kivietnam huandikwa Ba Na. Sensa ya 2019 iliwahesabu karibu 287,000, wengi wao wakiwa katika mikoa ya Gia Lai na Kon Tum, na wengine kwenye milima inayoteremkia pwani, upande wa Bình Định na Phú Yên. Angalizo kwa anayetazama ramani mpya: Julai 2025 Vietnam iliunganisha mikoa, Kon Tum ikamezwa na Quảng Ngãi, na Gia Lai na Bình Định vikawa mkoa mmoja uliobaki na jina la Gia Lai. Maandishi karibu yote kuhusu hơmon yanatumia mipaka ya zamani, nami nafanya hivyo hapa. Jina Kon Tum lenyewe ni la Kibahnar na maana yake ni kijiji cha bwawa.

Wamegawanyika katika makundi madogo yenye lafudhi zao: Rơngao, Jơlơng, Tơlô, Golar na mengine. Lugha yao ni ndugu wa mbali wa Kikhmer cha Kambodia na Kivietnam. Majirani zao Wajarai na Waede ni habari nyingine kabisa, kwani lugha zao ni za ukoo wa Kimalei, ukoo uleule uliozaa Kimalagasi cha Madagaska. Yaani Mjarai, kwa lugha, ana undugu na mvuvi wa Mahajanga kuliko na Mbahnar anayeshiriki naye kisima. Hilo halijazuia hadithi kuvuka. Mashujaa, mizimu na visa vinafanana kutoka kabila hadi kabila kwenye nyanda zile.

Je, hơmon ni sawa na utenzi wetu?

Kwa maudhui, ndiyo kwa kiasi: kuna shujaa, kuna safari, kuna vita, kuna miujiza. Kwa umbo, hapana. Utenzi wa Kiswahili una beti za mishororo minne, mizani minane, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu na mtu mwenye kalamu, hata kama ulikusudiwa kughaniwa. Hơmon haina beti wala mizani ya kuhesabiwa. Ni maneno yanayokwenda kwa mapigo, sentensi pacha zinazofuatana, ya pili ikisema jambo lilelile la kwanza kwa picha nyingine, huku sauti ya fanani ikipanda na kushuka.

Ukitaka ndugu wa karibu zaidi Afrika, nenda Bukoba kwenye enanga za Wahaya, au kwa Wanyanga wa mashariki ya Kongo na utendi wao wa Mwindo, ambao fanani huusimulia, huuimba na kuuigiza. Tofauti moja kubwa: Mhaya ana zeze lake mkononi. Mwimbaji wa hơmon hana chombo chochote. Ana koo tu.

Hapa natumia neno "utendi" kwa sababu ndilo tulilonalo, ila msomaji asitarajie vina.

Inaimbwaje hasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na naona ndilo linalopaswa kuulizwa mwanzo, kabla hata ya kuuliza nani alimuua nani.

Ni usiku. Kazi ya shamba imeisha, watu wameshakula. Mahali panaweza kuwa nyumbani kwa mwimbaji au kwenye rông, nyumba ya kijiji yenye paa la nyasi refu lililosimama kama shoka lililogeuzwa makali juu, linaloonekana toka mbali kupita kila nyumba nyingine. Rông husimama juu ya nguzo, unaipanda kwa ngazi ya gogo lililochongwa vidato. Ndani kuna sakafu ya mianzi na moto.

Mtungi wa pombe ya mchele umefungwa kwenye nguzo. Pombe ile hainywewi kwa kikombe. Mchele au nafaka nyingine huchachushwa ndani ya mtungi pamoja na makapi yake, maji yanaongezwa, kisha watu hunywa kwa mirija mirefu ya mianzi. Juu ya mdomo wa mtungi huwekwa kijiti kilicholala, chenye kijiti kingine kidogo kinachoning'inia ndani ya maji. Ukishavuta hadi maji yakaachana na ncha ya kile kijiti umemaliza zamu yako. Maji yanajazwa tena, anakuja mwingine. Hakuna kudanganya, kila mtu anaona.

Mwimbaji yeye anajitenga kidogo. Mara nyingi hujilaza chali kwenye kona ambako mwanga wa moto haumfikii vizuri, mkono mmoja juu ya paji la uso, macho yamefungwa. Wengine hukaa. Wasikilizaji nao wamejilaza huku na huko, watoto kwenye mapaja ya mama zao. Halafu sauti inaanza gizani.

Hakuna kusimama, hakuna kurusha mikono, hakuna vazi la pekee. Kwa sisi tuliozoea msimuliaji anayeruka na kuigiza fisi, hili linashangaza. Lakini fikiria: kama humwoni mtu, basi huyo anayeongea si mzee wa jirani yako tena. Akibadilisha sauti ikawa ya msichana anayelia, ni msichana analia. Akikaza koo akawa adui anayetukana kutoka nje ya uzio, unageuka kutazama mlango. Patu za shaba zinagongwa, farasi wanakoroma, upepo unang'oa miti, na vyote vinatoka koo moja. Wasikilizaji huguna, hucheka, hushangaa kwa sauti, na mwimbaji anajua kwa miguno hiyo kama wamo au wamesinzia.

Utendi mfupi humalizika usiku mmoja. Mrefu unaweza kuchukua usiku kadhaa, na watu hurudi kesho yake kuendelea pale walipoachia.

Inaimbwa wakati gani wa mwaka?

Wakati wowote watu wana nafasi, ila zaidi baada ya mavuno na kwenye sherehe: kula mchele mpya, kufungua rông mpya, kuliaga kaburi.

Hiyo ya kaburi inahitaji maelezo. Wabahnar, kama Wajarai, huendelea kulitunza kaburi la marehemu kwa muda, wakimpelekea chakula. Baadaye hufanya sherehe kubwa ya kuliacha. Nyumba mpya hujengwa juu ya kaburi, sanamu za mbao huchongwa na kusimamishwa kuzunguka uzio, nyati huchinjwa, watu hula, hunywa na kupiga patu. Kisha kaburi linaachwa moja kwa moja. Mjane au mgane yuko huru kuoa au kuolewa.

Giông ni nani?

Giông ndiye shujaa mkuu. Huandikwa pia Diông. Ana ndugu yake, Giớ, na wawili hawa wanatokea katika tendi nyingi kiasi kwamba wachunguzi huzungumzia "kundi la Giông", yaani mkufu wa tendi zilizounganishwa na mtu mmoja na jamaa zake.

Usitegemee simulizi moja yenye mwanzo, kati na mwisho, kuzaliwa hadi kufa. Kila utendi unasimama peke yake. Katika mmoja Giông ni tajiri mwenye mitungi na patu zisizohesabika, katika mwingine hana hata kitambaa kizima cha kujifunga kiunoni. Katika mmoja ameoa, katika unaofuata ni kijana anayetafuta mchumba. Vichwa vya tendi vilivyochapishwa vinaonyesha upana wake: upo wa Giông na Giớ yatima tangu utotoni, upo wa Giông maskini mwenye wake wanane, upo wa Giông kuokoa watu wa kila kijiji na njaa, na upo wa Giông kumwoa binti jitu. Hicho cha maskini mwenye wake wanane kinanichekesha kila nikikitaja. Mzee yeyote wa pwani angeuliza mahari ilitoka wapi.

Nje ya Giông wapo wengine. Dăm Noi ana utendi wake mwenyewe, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwa mmoja wa tendi za kwanza za Kibahnar kuwafikia wasomaji wa Kivietnam. "Dăm" ni neno la kijana wa kiume, na hutangulia majina ya mashujaa wengi nyanda zote zile. Mwanamke mrembo au wa heshima jina lake hutanguliwa na "Bia". Ukiona Bia fulani ameingia kwenye kisa, jua mambo yameanza.

Kwa nini shujaa huwa yatima au fukara?

Sikiliza ngano za mahali popote utamkuta yatima, zetu zikiwemo. Ila kwa Wabahnar kuna kitu cha ziada. Kijiji cha Kibahnar hakikuwa na mfalme juu yake. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na watu wenye mali zaidi ya wengine, na kulikuwa na watumwa wa deni na mateka wa vita. Mali ilipimwa kwa mitungi ya kale, patu na nyati. Katika mazingira hayo fukara anayepanda akawa mwenye mitungi si ndoto ya kukalia kiti cha enzi. Ni ndoto ya kuwa mtu ambaye kijiji kinakunywa kwake.

Hata Giông akiwa amevaa matambara, hadithi humwachia alama: ngozi inayong'aa, mapaja yanayomulika kama radi shuka ikipeperuka. Mapaja yanayomulika yamo kwenye tendi za nyanda zote hizi, ya wanaume na ya wanawake, na hakuna anayeona aibu kuyasifu.

Wanapigania nini?

Mara nyingi mwanamke aliyeibwa au aliyeahidiwa watu wawili. Mara nyingine kisasi cha baba, mitungi iliyochukuliwa, au wivu mtupu wa mtu asiyevumilia kuona jina la Giông linatajwa kuliko lake. Tre Vắt ni mmoja wa hao wenye wivu, na ana utendi unaobeba jina hilo na kosa hilo.

Vita hupiganwa kwa ngao na upanga, na hupiganwa juu. Mashujaa hurukia ngao zao, hupanda mawingu, hufukuzana kutoka ukingo mmoja wa mbingu hadi mwingine kwa siku nyingi bila kula. Chini, milima inapasuka na mito inabadili njia. Na katikati ya yote hayo wapiganaji huweza kusimama ili watafune tambuu, wataniane kidogo, kisha waendelee.

Waliokufa si lazima wabaki wamekufa. Kuna dawa, kuna mizimu, kuna wanawake wenye uwezo wa kuwarudisha. Na adui aliyeshindwa mara nyingi haangamizwi. Wanaunganisha vijiji, wanafungua mitungi, wanakunywa. Nadhani msimuliaji aliyewalaza watu macho usiku tatu anajua kwamba hawezi kuwapeleka nyumbani na maiti.

Miungu wanaingilia?

Sana. Juu kabisa wapo wazee wawili waumbaji, mume na mke, Bok Kei Dei na Ya Kuh Keh. "Bok" ni babu na "ya" ni bibi, na majina haya ya heshima ndiyo yanayotumiwa na kwa wazee wa kawaida kijijini. Yupo Bok Glaih, mwenye radi, anayeheshimiwa na kuogopwa hasa katika mambo ya vita. Chini yao kuna yang, yaani mizimu, wa kila namna: wa maji, wa mlima, wa mchele, wa mtungi.

Kinachovutia ni mazoea. Mashujaa hupanda kwa hawa wazee kama mtu anavyokwenda kwa babu yake mzaa mama kuomba ushauri au kuazima silaha, na wakati mwingine hujibiwa kwa ukali kama mjukuu msumbufu.

Anaimba nani, na alijifunza wapi?

Wengi wa waliorekodiwa ni wanaume wazee, ila wanawake wapo. Hakuna ukoo wa waimbaji wala mshahara. Mwimbaji ni mkulima kama wenzake, na malipo yake ni mrija wa kwanza wa mtungi na heshima ya kuitwa vijiji vya mbali.

Ukimuuliza alijifunzaje atakupa majibu mawili, na hatayaona yanapingana. La kwanza: alilala karibu na baba au babu aliyeimba tangu utotoni, akasikia na kusikia hadi ikaingia. La pili: alipewa ndotoni. Wazee wengi husema yang ndio humpa mtu hơmon, na asiyepewa hata akisikiliza miaka ishirini hataweza. Mimi nayachukua yote mawili kama yalivyo. Kila anayefundisha muziki anajua yule mwanafunzi anayesikia sawa na wenzake lakini hapati.

Wapo wanaokumbuka makumi ya tendi. Hawakariri neno kwa neno. Wanacho kisa, wana majina, na wana maelezo yaliyokwisha kupikwa: ya shujaa kujivika, ya msichana kutwanga mchele, ya mgeni kufika ngazini na kukaribishwa. Vipande hivyo huchomekwa, hurefushwa au hukatwa kadiri usiku unavyoruhusu. Ndiyo maana utendi uleule ukirekodiwa kwa watu wawili utapata maandishi mawili.

Ni historia ya kweli?

Kama unauliza lini Giông aliishi, jibu ni kwamba hakuna mwaka wa kumbandika. Kama unauliza maisha ya zamani yalikuwaje, kuna mengi: jinsi kijiji kilivyozungushiwa uzio wa miti iliyochongoka, jinsi mateka walivyoingizwa kwenye familia, jinsi mitungi ilivyokuja kwa biashara na watu wa tambarare, jinsi ugomvi wa ndoa ulivyosikilizwa na wazee.

Wabahnar hawafuati ukoo wa mama peke yake kama Wajarai na Waede, wala wa baba peke yake. Wanahesabu pande zote mbili. Msomaji makini ataliona hilo kwenye tendi, ambako shujaa ana jamaa wa kumsaidia kila upande anaogeukia.

Nimesikia kuhusu Dam San. Huyo ni wa Wabahnar?

Hapana, Dam San ni wa Waede, na utendi wa Waede huitwa khan. Umaarufu wake umetokana na Mfaransa Léopold Sabatier, aliyekuwa mtawala wa kikoloni Buôn Ma Thuột, aliyeuchapisha kwa Kifaransa Paris mwaka 1927. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu akisema "utendi wa nyanda za juu" alimaanisha Dam San tu. Wamnong nao wana ot ndrong. Tendi za Kibahnar zilichelewa kujulikana nje, na kwa kuchelewa zikadhaniwa ni chache.

Ziliandikwa lini basi?

Kibahnar kilipata herufi za Kilatini mapema. Mapadri Wakatoliki wa Kifaransa walifika eneo la Kon Tum karibu na 1850, wakikimbia mateso ya Wakristo huko tambarare, na wakaanza kukiandika. Mmoja wao, Pierre Dourisboure, aliandika kitabu kuhusu maisha yake huko ambacho jina lake linawaita wenyeji "washenzi". Neno hilo sisi tunalijua ladha yake. Hata hivyo herufi zilitumika kwa katekisimu na kamusi zaidi kuliko kwa Giông. Baadaye mtawala Paul Guilleminet alikusanya sheria za mila za Wabahnar na kushiriki kuandaa kamusi ya Kibahnar na Kifaransa.

Kazi ya tendi zenyewe ilishika kasi baada ya Vita vya Vietnam. Mwaka 1988 kilitoka kitabu cha fasihi simulizi na muziki wa Wabahnar kilichohaririwa na mwanamuziki-mtafiti Tô Ngọc Thanh. Mtafiti Phan Thị Hồng alizichambua tendi za Giông kama kundi moja. Kisha, kati ya 2001 na 2007, taasisi ya utafiti wa utamaduni ya Vietnam ikaendesha mradi mkubwa wa kurekodi tendi za makabila ya nyanda za juu. Mamia zilirekodiwa, na zaidi ya juzuu 60 zikachapishwa, kila moja ikiwa na lugha ya asili na tafsiri ya Kivietnam. Sehemu nzuri ya juzuu hizo ni za Wabahnar, na hapo ndipo watu walipogundua kwamba ghala lilikuwa limejaa muda wote.

Wafasiri wake wanastahili sifa kuliko wanavyopewa. Wengi walikuwa Wabahnar wenyewe, waliokaa na kinasa sauti wakirudisha kanda nyuma, sentensi kwa sentensi, wakitafuta maana ya maneno ambayo hata wazazi wao hawakuyatumia tena nje ya hơmon.

Tafsiri inapoteza nini?

Nitoe mfano mmoja tu: tanakali za sauti. Kibahnar kina utajiri mkubwa wa maneno yanayochora sauti, mwendo na sura, na huyarudufu kwa namna nyingi. Ukibadili irabu kidogo, kitu kilekile kinakuwa kikubwa au kidogo, kinakwenda kwa fujo au taratibu. Kivietnam kina maneno ya jinsi hiyo pia, kwa hiyo mfasiri hakukosa kabisa pa kushika. Lugha za Ulaya hushindwa hapa na kuishia kusema "kwa kishindo" mara kumi na tano.

Mswahili angekuwa na bahati. Anayesema kitu kimeanguka pu, au chubwi, au tifu, na kila mmoja akajua kama ni mchanga, maji au majivu, ana chombo mkononi. Kama mtu atatafsiri hơmon kwa Kiswahili siku moja, namsihi asiibane kwenye mizani ya utenzi. Aiache itembee kama nathari ya mzee anayeota moto, na afungulie tanakali.

Na yule Núp, shujaa wa Kibahnar? Yumo kwenye hơmon?

Hapana, ingawa watu huwachanganya. Đinh Núp alikuwa mtu wa kweli, mzaliwa wa kijiji cha Stơr, Gia Lai (1914 hadi 1999), aliyeongoza wenzake kupigana na Wafaransa. Umaarufu wake ulikuzwa na riwaya ya Nguyên Ngọc ya miaka ya 1950. Wengine wanaosoma riwaya hiyo wanaona kivuli cha Giông nyuma ya Núp. Inawezekana, kwani kijiji kilichozoea kumsikia Giông usiku kina mahali pa kumweka mtu kama Núp.

Patu zina uhusiano gani na tendi?

Zimo ndani ya hadithi, ila hazipigwi wakati wa kuimba. UNESCO iliutangaza utamaduni wa patu za nyanda za juu za kati kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2005, na tangu hapo patu zimepata majukwaa, watalii na mashindano. Hơmon iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi, lakini haijapata umati. Sababu si ngumu: patu zinapendeza kwenye picha. Mzee aliyelala gizani kajifunika mkono usoni hapigiki picha.

Bado zinaimbwa?

Zinaimbwa, kwa wachache na kwa nadra. Vita vilihamisha vijiji vizima, na Kon Tum ilikuwa uwanja mkubwa wa mapigano mwaka 1972. Kijiji kikihamishwa, rông inabaki nyuma au inaungua. Baadaye shule zikafundisha kwa Kivietnam, televisheni ikaingia, kazi za mashamba ya kahawa na mpira zikawachosha watu kwa namna nyingine. Sehemu nyingine ya Wabahnar ni Wakristo wa vizazi vingi. Hilo halikuua hơmon peke yake, maana waumini wengi waliendelea kuipenda, ila liliondoa baadhi ya sherehe ilizokaa ndani yake.

Kuna juhudi. Redio ya taifa ina matangazo ya Kibahnar. Serikali huwapa wazee vyeti vya ufundi na huandaa madarasa. Vijana hufundishwa kipande cha dakika kumi kwa ajili ya tamasha, wanasimama kwenye jukwaa na maikrofoni, taa zote zimewaka, wamevaa nguo nzuri za kufumwa. Sipendi kuwakejeli, kwani dakika kumi ni bora kuliko kimya. Ila wazee wenyewe husikika wakilalamika kwamba kijana anayejua kipande hajui kisa, na asiyejua kisa hawezi kurefusha wala kukata.

Nikipata rekodi, niisikilizeje bila kujua lugha?

Subiri usiku. Soma kwanza muhtasari wa kisa ili ujue majina matatu au manne, yatoshe kuyadaka yakipita. Usitafute video, maana hakuna cha kuona. Zima taa, jilaze. Dakika za mwanzo utasikia sauti moja tu inayokwenda kama mtu anayesali. Vumilia. Baada ya muda utaanza kusikia sauti mbili zikijibizana, moja nzito na moja nyembamba, kisha kicheko cha watu chumbani, kikohozi, mbwa nje, mtu anavuta mrija hadi unakoroma, na mzee anaendelea.